Kabla Mafuta Hayajakwisha





Juma hili naomba mnivumilie nianzie mahali ambapo padre hategemewi kuanzia, yaani kwenye mchezo wa kompyuta. Wazazi wengi wa parokia hii wamenisikia nikiilalamikia michezo hiyo kwamba inawala vijana wetu muda wa masomo na wa sala. Hofu hiyo bado ninayo. Hata hivyo kijana mmoja amenifundisha jambo kubwa kupitia mchezo wake, na nikilinyamazia nitakuwa mwizi wa fadhila.

Nilikuwa nimekwenda kubariki nyumba. Baada ya sala, wakati mama mwenye nyumba akiandaa chai, nilimkuta mwanawe ameketi mbele ya kompyuta akirusha ndege. Programu aliyoitumia ni ile iitwayo Microsoft Flight Simulator, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1982, na ambayo imeendelea kuboreshwa hata leo inaonyesha milima, mito na miji karibu kama mtu aionavyo kutoka angani. Kijana alikuwa katika ndege ndogo ya injini moja, akielekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Mlima wenyewe ulionekana upande mmoja, na mbele yetu, kwa mbali, ilionekana njia ya kutulia ndege kama uzi mweusi ulionyooshwa juu ya nyika.

“Padre, sasa naomba ruhusa ya kutua,” aliniambia.

Nilisogeza kiti. Kwanza alitafuta masafa ya redio ya mnara wa uwanja ule, kwa maana kila mnara una masafa yake, na rubani anayeita kwenye masafa yasiyo sahihi huzungumza na hewa tu. Kisha, kwa kuchagua sentensi katika orodha iliyojitokeza kwenye kioo, akamwita mwongoza ndege. Alinieleza kwamba katika wito wa kwanza rubani hutaja mambo manne: anamwita nani, yeye mwenyewe ni nani, yuko wapi, na anataka nini. Sauti ikajibu kutoka mnarani, ikamtajia njia atakayotulia na upande wa kuingilia. Kijana akayarudia maagizo yale. Baadaye kidogo akapewa ruhusa ya kutua, nayo pia akairudia.

“Mbona unarudia kama mtoto wa mafundisho ya Komunyo?” nilimtania.

“Ili aliye mnarani ajue kwamba nimesikia alichosema, Padre, si nilichotaka kukisikia.”

Nikamwuliza ingekuwaje kama angenyamaza na kushuka tu. Akajibu kwamba ndege ingeshuka, lakini asingejua kama njia iko wazi, wala aliye mnarani asingeweza kumsaidia kwa jambo ambalo hajamwambia. Akaongeza habari iliyonishangaza zaidi. Tangu mwaka 2001 upo mtandao uitwao VATSIM, ambamo wapenzi wa mchezo huu duniani kote hukutana kwa njia ya intaneti. Wengine hurusha ndege, wengine hujitolea kukaa mnarani wakiongoza wenzao. Humo sauti inayokujibu ni ya mtu kweli. Kijana alikiri kwamba alirusha ndege peke yake kwa miezi mingi kabla ya kuthubutu kuingia huko, na hata alipoingia alisikiliza tu. Kurusha hakukumshinda, na kutua hakukumshinda. Kilichomshinda kilikuwa kufungua kinywa na kuomba mbele ya watu, akiogopa kukosea.

Chai ikaja, tukanywa, nikaaga. Lakini njiani maneno yale yalinirudisha kwenye habari ya ajali moja ya kweli, ambayo nataka kuwasimulia kwa utaratibu, kwa kuwa yote nitakayosema baadaye yanasimama juu yake.

Ilikuwa tarehe 25 Januari 1990, siku ambayo Kanisa huadhimisha kuongoka kwa Mtakatifu Paulo. Ndege ya abiria ya shirika la Avianca la Kolombia, safari namba 52, iliondoka Bogotá, ikapitia Medellín, ikaelekea New York ikiwa na watu 158. Usiku huo hali ya hewa katika eneo la New York ilikuwa mbaya, ukungu na upepo, na ndege nyingi zilikuwa zikisubiri zamu. Waongoza ndege waliiambia ndege hii izunguke angani kusubiri, mara tatu, jumla ya saa moja na dakika 17 hivi. Wakati wote huo mafuta yalikuwa yakiteketea.

Ilipofika mara ya tatu, rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza kwenye redio, alisema kwamba wanadhani wanahitaji kupewa kipaumbele. Alipoulizwa wanaweza kusubiri kwa muda gani, alijibu kama dakika tano tu, tena akaeleza kwamba uwanja wao wa akiba, Boston, hawawezi kuufikia tena. Maneno hayo yalikuwa mazito. Lakini hakusema kwamba wako katika hatari, wala hakutumia lile neno ambalo kila mnara duniani hulielewa. Na ndege ilipokabidhiwa kutoka kwa mwongoza ndege mmoja kwenda kwa mwingine, habari ile haikukabidhiwa nzima. Waliofuata waliiona ndege hii kuwa moja kati ya nyingi zilizokuwa kwenye foleni.

Walijaribu kutua, lakini upepo uliobadilika ghafla uliwazuia kuifikia njia, wakalazimika kupaa tena. Ndipo rubani mkuu akamwagiza mwenzake awaambie mnarani kwamba wako katika dharura. Msaidizi alirudia kwanza maagizo ya kugeuka aliyokuwa amepewa, kisha akaongeza mwishoni, kama jambo la kupita, kwamba wanaishiwa mafuta. Mwongoza ndege akawapangia njia ndefu ya kuzunguka ili warudi kwenye foleni, na akauliza kama hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Jibu likawa kwamba nadhani ni sawa, pamoja na asante nyingi.

Dakika chache baadaye injini zote nne zilizima, moja baada ya nyingine. Ndege ilianguka kwenye kilima katika kijiji cha Cove Neck, yapata kilomita 25 kutoka uwanjani. Watu 73 walipoteza maisha, wakiwamo wanane kati ya wahudumu na marubani tisa. Haikuwaka moto baada ya kuanguka, kwa sababu hakukuwa na mafuta ya kuungua.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipochunguza, ilitaja kwamba marubani hawakuisimamia vema hali ya mafuta yao, na kwamba hawakuutaarifu mnara kuhusu dharura yao kabla mafuta hayajakwisha. Lakini haikuishia hapo. Ilitaja pia kwamba msongamano wa ndege haukupangwa vizuri na wenye mamlaka, na kwamba hakukuwa na maneno yaliyokubaliwa na kueleweka na pande zote mbili ya kuonyesha kwamba mafuta yamefikia mahali pa hatari. Yaani aliyekuwa angani hakusema sawasawa, na waliokuwa chini hawakuuliza sawasawa. Tangu mwaka 2012, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimeweka maneno maalumu kwa ajili ya jambo hilo, ili rubani mwenye mafuta haba asilazimike kutafuta lugha ya adabu.

Simhukumu rubani yule. Amekwisha kusimama mbele ya Hakimu mwenye haki. Nasema tu kwamba nikiisoma habari yake naisikia sauti ninayoifahamu. Ni sauti yetu.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna desturi njema ya kusalimiana kwa kirefu. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Njema tu. Hata mtu aliyefiwa jana yake hujibu kwanza kwamba habari ni nzuri, kisha husita kidogo, na ndipo huongeza lile neno dogo, “ila”. Nzuri, ila tumepata msiba. Njema, ila mtoto amelazwa. Kila mwenye masikio anajua kwamba habari yenyewe imo baada ya “ila”. Nami naipenda desturi hiyo, kwa kuwa inamtanguliza Mungu na kumshukuru hata katika machozi. Lakini inahitaji watu wawili: mmoja wa kuisema hiyo “ila”, na mwingine wa kuisubiri. Siku hizi, mmoja akijibu “nzuri” mwenzake amekwisha kugeuka na kwenda zake, na yule wa kwanza naye ameona aibu, akaimeza “ila” yake.

Nina sababu ya kuyasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyohudumu kabla ya hii, alikuwako mzee mmoja mwaminifu sana. Kila Dominika alinisalimu mlangoni baada ya Misa. Nikimwuliza hali, alijibu, “Tunasogea, Padre. Tuombeane.” Nami nilijibu, “Tuombeane, mzee wangu,” nikageukia mwingine. Sikujua, kwa kuwa sikuuliza, kwamba alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na kwamba alikuwa ameacha kununua dawa ili alipe ada ya wajukuu. Jumuiya yake ilikuwa imesali rozari nyumbani kwake majuma mawili kabla. Walikaa kwenye viti vyake, wakanywa uji wake, wakaondoka. Naye akawasindikiza hadi njiani akitabasamu.

Siku ya maziko watu walichanga rambirambi kwa ukarimu mkubwa. Katibu alipoisoma jumla yake, mmoja wa watoto wa marehemu aliniambia kwa sauti ya chini, pasipo ubaya wowote, kwamba fedha ile ingemnunulia baba dawa za mwaka mzima na zaidi.

Wapendwa, neno hilo limekaa nami tangu siku ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo kwa kawaida tunaielekeza kwa mgonjwa, kana kwamba kosa ni lake peke yake. Mimi naona imfikie pia yule aliyesalimiwa kila Dominika asiulize. “Tunasogea” ilikuwa namna ya mzee yule ya kusema kwamba mafuta yamebaki ya dakika tano. “Tuombeane” ilikuwa namna yake ya kuomba kutua. Nami mnarani nilijibu kwa adabu, nikamwambia azunguke tena.

Wengine watasema: Padre, Mungu anajua mahitaji yetu kabla hatujamwomba, kwa nini basi tuhangaike kusema? Ni kweli Mwinjili Mathayo anatufundisha hivyo. Lakini mwangalieni Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, katika sura ya kumi ya Injili ya Marko. Kila mtu pale njiani aliona kwamba ni kipofu. Yesu naye aliona. Hata hivyo Bwana alisimama, akamwita, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Alitaka kumsikia akisema mwenyewe, na Bartimayo hakujibu kwa mafumbo wala hakusema kwamba wanasogea. Alisema anataka kuona. Na kabla ya hapo, umati ulipomkemea anyamaze, alizidi kupaza sauti. Umati wa namna hiyo haujatoweka. Upo hata makanisani, na pengine umo ndani ya mtu mwenyewe, ukimwambia kwamba usimsumbue Padre, usiwape watu la kusema, wenzako wana shida kubwa kuliko zako.

Mtazameni pia Mama yetu Bikira Maria katika arusi ya Kana. Hakuzunguka. Alimwendea Mwanawe, akamweleza kwamba divai imewaishia. Habari ikawa fupi, kamili, tena ikapelekwa kwa yule hasa awezaye kusaidia. Kisha akawageukia watumishi, akawaelekeza kutii lolote watakaloambiwa. Wenye arusi wenyewe Injili haituambii kama walisema neno. Pengine waliona aibu. Maria aliiona “ila” yao kabla hawajaitamka. Na Petro, alipoanza kuzama ziwani, sala yake ilikuwa ya maneno machache kuliko vidole vya mkono mmoja. Hakuanza kwa kuomba radhi kwa usumbufu.

Marubani wanalo neno lao la kuzama. Ni “Mayday”, lililotungwa katika miaka ya 1920 huko Uingereza kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kwamba “nisaidieni”. Husemwa mara tatu mfululizo, ili asiwepo atakayedhani amesikia vibaya. Likishasikika, wengine wote kwenye masafa yale hunyamaza na kumpisha. Nasi Wakatoliki tusione ajabu, kwa maana kila Misa, kabla ya kuipokea Komunyo Takatifu, twamlilia Mwanakondoo wa Mungu mara tatu. Kanisa limetufundisha kuomba huruma kwa sauti, pamoja, na kwa kurudia. Ni jambo la kusikitisha kwamba tunaweza kumlilia Mungu hivyo saa mbili asubuhi, na saa tatu mlangoni tukaambiana kwamba hakuna neno.

Wengine watasema: Padre, mambo ya nyumbani ni siri, na aibu ya familia haitangazwi. Hapo nakubaliana nao, tena kwa moyo wote. Rubani mwenye shida haanzi kwa kupiga kelele miongoni mwa abiria. Hutafuta masafa sahihi na kumwambia aliye mnarani. Sisemi kwamba mtu asimame kwenye matangazo ya Dominika aeleze madeni yake, au mama atangaze mbele ya Jumuiya kwamba mumewe anampiga. Nasema kwamba kila mmoja wetu awe na mtu mmoja walau, mwenye kutunza siri na mwenye uwezo wa kusaidia, ambaye kwake atatamka neno lenyewe kwa jina lake. Deni liitwe deni, kipigo kiitwe kipigo, na ulevi uitwe ulevi. Anayelala na mawazo ya kuukatisha uhai wake, namwomba asiniambie kwamba amechoka kidogo. Aje usiku huohuo, au amwendee yeyote aliye karibu naye, aseme hivyo hivyo kama kulivyo. Hakuna padre wala ndugu mwema atakayemchukia kwa hilo.

Na kwa habari ya dhambi, tunayo zawadi ambayo ulimwengu hauna. Katika Sakramenti ya Upatanisho, siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, hata kwa kulinda uhai wa padre. Hakuna masafa salama kuliko hayo. Hata hivyo yawezekana kuingia kwenye kiti cha kitubio na kuungama kwa maneno ya jumla kiasi kwamba hakuna lililosemwa, kisha kuondoka na mzigo uleule. Sizungumzi juu ya maungamo ya mtu yeyote. Nazungumza juu ya jaribu ninalolijua kwa kuwa nami ni mwungamaji. Tuseme tuko nani, tuko wapi, na tunataka nini. Na tukishapewa shauri na malipizi, tuyarudie moyoni kabla ya kutoka, ili tujue kwamba tumesikia tulichoambiwa, si tulichotaka kukisikia.

Naomba pia kusema neno kwa wale wanaoahirisha. Marubani hufundishwa kwamba si aibu kuacha kutua na kupaa tena endapo mambo hayajakaa sawa. Ni fundisho jema, na limeokoa wengi. Mtu aliyefika hadi mlango wa ofisi yangu akarudi, na arudi tena. Sitamwuliza kwa nini aliondoka. Lakini kupaa tena kunahitaji mafuta. Wale wa usiku ule wa mwaka 1990 walipaa tena kwa utaratibu wote, ila hawakuwa na mafuta ya kuwarudisha. Tusiseme daima kwamba tutakuja baada ya mavuno, baada ya ada, baada ya Pasaka.

Sasa nigeukie upande wa mnara, maana sipendi kuwatwika wenye shida mzigo wote. Mwongoza ndege aliuliza kama ni sawa, akajibiwa kwamba nadhani ni sawa, akaridhika. Swali linaloweza kujibiwa “sawa” hujibiwa “sawa”. Nimelitazama hili katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo. Mwishoni mwa sala mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye tatizo. Watu hutazama chini, mwenyekiti hushukuru, tunafunga kwa sala. Kwa maoni yangu swali hilo halifai kitu. Aulizwe mtu kwa jina, tena mkiwa wawili, kwa swali lenye kushikika: dawa zako zimebaki za siku ngapi? Mtoto amekwishalipiwa ada? Jana usiku ulipata usingizi? Ukishajibiwa, rudia ulichokisikia, ili mwenzako ajue kwamba umekielewa, au akusahihishe.

Na habari ya mwenye shida ikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa ridhaa yake, kutoka kwa mjumbe wa nyumba kumi hadi kwa mwenyekiti wa Jumuiya, kutoka kwa mwenyekiti hadi kwa katekista, kutoka kwa katekista hadi kwangu, isipungue njiani. Mara ngapi nimeambiwa kwamba fulani “hajisikii vizuri”, nami nikapanga kumpelekea Komunyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kumbe aliyenituma neno la kwanza alisema kwamba mgonjwa hali tena chakula, na anaomba Mpako wa Wagonjwa leo! Anayekabidhi na akabidhi yote. Anayepokea na aulize kama yamekwisha.

Nimezungumza na Halmashauri ya Walei kuhusu mambo mawili, nayo imeyaridhia. La kwanza, kila Jumuiya itachagua watu wawili wenye hekima na wenye kutunza siri, mwanamume na mwanamke, ambao mtu yeyote aweza kuwaendea saa yoyote. Wala wasiwe wale ambao sisi viongozi tunawapenda. Wawe wale ambao wanajumuiya wenyewe wanawaamini. La pili, sehemu ya mfuko wetu wa huruma itatengwa kwa ajili ya walio hai. Rambirambi ni tendo la upendo, na kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Lakini kuwatazama wagonjwa nalo ni mojawapo, na mgonjwa hutangulia marehemu. Nisingependa kusoma tena jumla ya michango mbele ya jeneza la mtu ambaye tungeweza kumsaidia kwa sehemu yake ndogo.

Kwa upande wangu, nitakuwa kwenye kiti cha kitubio kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni hadi wa mwisho atakapoondoka. Asiyetaka kuungama bali kuzungumza tu, mlango wa ofisi uko wazi. Na Dominika baada ya Misa nitajitahidi kusimama mlangoni bila kukimbilia gari. Ukinijibu kwamba mnasogea, nitakuuliza: mnasogea kwenda wapi, na mafuta yamebaki kiasi gani? Msikasirike. Nimechelewa kulijifunza swali hilo.

Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani, na sikukuu yake huangukia tarehe 10 Desemba. Namkabidhi yeye marubani wote na wote wanaokesha minarani wakiwasikiliza. Namkabidhi wale waliofariki usiku ule huko Cove Neck, na mzee wangu yule aliyekuwa akisogea. Namkabidhi pia kijana wetu wa kompyuta, ambaye mama yake ameniuliza kama sasa ameruhusiwa kucheza usiku kucha. Nimemjibu kwamba hapana, ila akimaliza masomo na sala, amwache atue.

Mama aliyeiona divai ya wengine ikiisha atufundishe sisi kusema ukweli kwa wakati, na kuusubiri kwa uvumilivu ukiwa kwenye midomo ya wenzetu. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, awalinde na kuwafikisha salama.

Tumwombee kila mmoja mwenzake, na baada ya kuombeana tuulizane.

Wenu katika Kristo,
Paroko